Lita 380 za maziwa zimeharibika na kila mtu alikuwa kazini. Nisaidieni kupanga kazi za kikundi

KatibuWaMaziwa (Njoro)

Wadau, habari za usiku. Mimi ni katibu wa kikundi cha wafugaji huku upande wa Njoro, Kaunti ya Nakuru. Tunakusanya maziwa ya wanachama 64. Tuna tangi moja la kupozea, jenereta kuukuu, na wafanyakazi watano wa mshahara: mpokeaji anayepima maziwa, karani, dereva wa pikapu, muosha mitungi na mlinzi wa usiku. Juu yao kuna kamati: mwenyekiti, mimi, mweka hazina, na wajumbe wawili ambao tukisema ukweli huonekana siku ya chai.

Jumatano ya wiki jana stima ilipotea saa mbili usiku. Maziwa ya jioni yalikuwa kwenye tangi, lita 380. Jenereta ikanguruma kama dakika ishirini, ikakohoa, ikazima. Dizeli imeisha. Asubuhi mpokeaji alichota maziwa kidogo, akatia kwenye kichupa na pombe ya kupimia, sawa kwa sawa, akatikisa, akakiinua kwenye mwanga wa mlango. Vijibonge vidogo vilikuwa vimeng'ang'ania kioo kama uji ulioshika sufuria. Akakiweka kichupa mezani, hakusema kitu. Hakukuwa na haja. Kufikia saa tatu jirani alikuwa amekuja na mitungi kuchukulia nguruwe wake, na mimi nimesimama pale nikipiga hesabu: kwa bei tuliyokuwa tukilipwa, shilingi 19,000.

Jioni tukafanya mkutano. Nikiandika kumbukumbu, nikaanza kuhesabu neno "nilidhani". Lilitajwa mara 11. Mlinzi alidhani karani ameambiwa. Karani alidhani dereva alijaza dizeli Jumatatu. Dereva alidhani hiyo ni ya kamati. Mimi mwenyewe nilidhani mara mbili.

Mwenyekiti anataka mlinzi afutwe, anasema watu ni wavivu. Sasa, uvivu siuoni. Karani anafika saa kumi na moja alfajiri na baridi ya Njoro mnaijua. Watu wanachapa kazi, ila kuna kazi zinadondoka katikati na hakuna anayesikia zikianguka. Aliyewahi kupitia haya aniambie alianzia wapi.

Jogoo_la_Kondele

Anzeni kwa kufuta wale wawili wa chai.

BwanaRipoti (Nakuru mjini)

Katibu, pole sana. Nimefanya kazi na mashirika miaka mingi, na dawa ya hili inajulikana. Chora jedwali. Kushoto andika kazi zote, juu andika watu wote. Kila kisanduku weka alama: anayefanya, anayewajibika kazi ikiharibika, wa kuulizwa kabla, na wa kujulishwa baada. Bandika ukutani. Kikundi chenye jedwali hakimwagi maziwa.

Jogoo_la_Kondele

Bwana Ripoti, hilo jedwali nimeliona. Lililetwa kwenye kikundi chetu cha vijana na mtu wa semina. Siku ya kujaza, hakuna aliyetaka kuachwa nje, kwa hivyo kila jina likawekwa kila mahali. Ukisoma kazi ya kufunga geti usiku, inafanywa na watu saba. Geti lililala wazi siku hiyo hiyo. Jedwali lenyewe liliishia kufunga mandazi.

BwanaRipoti (Nakuru mjini)

Hapo kosa si la jedwali. Anayewajibika ni mmoja tu kwa kila mstari, hiyo ndiyo sheria yake. Mkijaza saba mmeharibu chombo wenyewe.

MamaUchanja (Dunga, Kisumu)

Katibu mwanangu, pole. Mimi nakausha omena, wale dagaa wa ziwani, hapa ufuoni, tuko wanawake tisa kwenye kikundi. Omena inafika alfajiri, tunaimwaga kwenye nyavu na kwenye uchanja, na jua la Kisumu likiwa zuri jioni imekauka. Adui yetu ni mvua. Ikinyeshewa ikiwa nusu inageuka rangi, inanuka, ukiipeleka soko la Kibuye utaiuza kwa bei ya chakula cha kuku.

Basi siku moja wingu lilitoka kule ziwani, jeusi kabisa. Tuliliona sote tisa. Nakumbuka nililiona mimi, nikamtazama mwenzangu naye alikuwa analitazama, nikasema moyoni, ameliona, ataita. Naye baadaye akaniambia alisema hivyo hivyo. Tulikuwa tunaparua samaki wa mtu, tunapiga hadithi. Mvua ikatukuta tumekaa! Gunia nne zikaenda.

Hatukuchora chochote. Tulinunua filimbi. Mwenye filimbi shingoni ndiye mwenye mbingu siku hiyo. Wewe mwingine ukiliona wingu nyamaza au mwambie yeye, ila kupuliza ni kwake. Akitaka kwenda chooni au kunyonyesha, anaivua na kumvisha mwenziwe, mkono kwa mkono. Haiwekwi juu ya ndoo. Hapo mwanzo tulikuwa tunaiweka juu ya ndoo, na tukajua kwamba ndoo haipulizi filimbi.

Lakini nikuulize, huko kwenu dizeli ilikuwa ya nani hasa? Usinijibu "ya kikundi."

KatibuWaMaziwa (Njoro)

Mama, nimekaa na swali lako nusu saa. Sina jibu. Katiba yetu, ile tuliyopeleka kusajili kikundi, inataja mwenyekiti, katibu na mweka hazina, inasema nani anaitisha mkutano na nani anatia sahihi benki. Dizeli haimo. Wala kuosha koki ya tangi. Tuna vyeo vingi kuliko kazi zilizotajwa.

Mwl_Hisabati (Kisumu)

Niongeze kitu kuhusu hilo neno la mwenyekiti, uvivu. Kulikuwa na mhandisi wa kilimo Mfaransa, Max Ringelmann, aliyewapima watu wakivuta kamba, matokeo yakachapishwa 1913. Wakivuta wawili, kila mmoja anatoa kama asilimia 93 ya nguvu alizotoa akiwa peke yake. Wakifika wanane, asilimia 49. Yaani wanaume wanane wanafanya kazi ya wanne, na wote wanatoka jasho!

Wengi wakisimulia hii huishia hapo. Ringelmann mwenyewe aliona mambo mawili: watu kulegea, na watu kutovuta kwa pigo moja, huyu anavuta yule anapumua. Mwaka 1974 Alan Ingham na wenzake kule Marekani walitaka kuyatenganisha. Wakamfunga mtu macho, wakamwambia kuna wenzake nyuma, kumbe wale wa nyuma wanajifanya tu. Akalegea kweli, ingawa si kwa kiasi kile cha Ringelmann. Kwa hiyo sehemu moja ni mtu kujificha nyuma ya wenzake, na sehemu nyingine ni kutokupatana pigo. Kumfuta mlinzi hakugusi hata moja kati ya hizo. Mlinzi mpya ataikuta kamba ile ile.

Sista_Zamu (Kakamega)

Mulembe wote. Mimi ni muuguzi. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya upasuaji, vitu 19 vya kuhakikisha, katika vituo vitatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kukata, na kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Mtu wa nje akiisoma anacheka, kwa sababu kimojawapo ni kwamba kila aliyemo ataje jina lake na kazi yake. Watu wazima, wamevaa barakoa, wengine wamefanya kazi pamoja mwezi mzima, eti wajitambulishe. Lakini ukitaja kwa mdomo wako "mimi leo ni wa kuhesabu vitambaa", umekwisha kujifunga. Huwezi baadaye kusema ulidhani.

Lingine ni kupokezana zamu. Zamani tulipokezana mezani, madaftari mbele, chai mkononi. "Wodi ni salama." Salama ni nini? Siku hizi tunatembea kitanda hadi kitanda, na anayepokea anarudia alichoambiwa: kitanda cha nne, dawa saa nne. Ukiona anarudia vibaya, unamsahihisha papo hapo, hakuna aliyekufa.

Katibu, mlinzi wako akiingia usiku anapokea nini, na anapokelea wapi?

KatibuWaMaziwa (Njoro)

Anapokea ufunguo wa geti. Anapokelea getini. Sista, hata sijui nicheke au nilie.

MzeeWaStejini (Kisumu)

Nimesoma, ngoja niulize kitu kimoja kabla hamjamaliza kumfundisha kijana. Usiku ule, mlinzi angejua kabisa dizeli ni kazi yake, angeinunua na pesa gani?

Miaka niliyokaa stejini nimeona kazi nyingi zina mwenyewe kwa jina. Makanga unaambiwa gari likipata pancha ni wewe. Sawa. Pesa ziko kwa nani? Kwa mwenye gari, na mwenye gari amezima simu. Sasa huyo kijana umempa kazi au umempa lawama?

KatibuWaMaziwa (Njoro)

Wadau nimerudi. Samahani kwa kimya, wiki mbili zimekuwa za mbio. Nitaandika kirefu.

Sikuanza na jedwali. Niliwaita wafanyakazi watano na sisi watatu wa kamati, nikampa kila mtu karatasi, nikaomba mambo matatu. Kazi yako tangu ufike hadi uondoke. Unachofanya ambacho si kazi yako ila unakifanya. Na unachosubiri kutoka kwa mtu mwingine ndipo uanze. Kila mtu akaketi peke yake, wengine nje kwenye mitungi, mweka hazina ndani ya gari lake. Mlinzi kuandika kunampa shida, kwa hiyo alinieleza nikaandika, na ilinichukua saa nzima, maana mzee yule anajua kila sauti ya kile kituo. Anajua mashine ya tangi ikianza kulia kwa namna fulani ni kwamba maziwa hayakorogwi sawasawa. Miaka mitatu yuko nasi na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Halafu tukasoma kwa sauti. Hapo ndipo mambo yalipofumuka.

Jenereta ilitajwa kwenye karatasi tatu. Mlinzi: "kuangalia jenereta." Dereva: "kuangalia jenereta." Mwenyekiti: "kuangalia jenereta." Nikawauliza, kuangalia ni kufanya nini? Mlinzi akasema, kuangalia isiibwe. Dereva akasema, kuangalia oili na kuiwasha mara moja kwa wiki. Mwenyekiti akasema, kuangalia kwamba wao wanaangalia. Kununua dizeli hakukuwa kwa mtu yeyote. Kumimina dizeli hakukuwa kwa mtu yeyote. Karatasi nane, wadau! Tulikuwa tumeajiri macho matatu bila mkono hata mmoja.

Tangu siku hiyo tumekataa neno "kuangalia" kwenye kumbukumbu zetu. Tumekataa pia "kushughulikia" na "kufuatilia". Atakayelitumia anaulizwa, mkono wako utagusa nini? Mweka hazina alikasirika mwanzoni, akasema namfanya mtoto wa darasa la pili. Alipofika mstari wake wa "kushughulikia malipo" akajikuta hawezi kueleza ni nani humpelekea hesabu ya lita kutoka kwa karani. Kumbe karani amekuwa akiituma kwa simu ya zamani ya mweka hazina, laini iliyokufa, na mweka hazina amekuwa akimpigia dereva wa pikapu kuuliza. Malipo yetu yamekuwa yakichelewa siku mbili tatu kila mwezi, na wanachama wanatutukana, kwa sababu ya laini ya simu.

Mzee wa Stejini, uligonga penyewe. Kwenye karatasi ya mlinzi, sehemu ya tatu, anachosubiri, alisema: "Nasubiri pesa." Usiku ule alimpigia karani. Karani akampigia mweka hazina, anayeishi mjini Nakuru, na pesa ndogo ndogo anazifungia kwake. Alikuwa amelala. Kwa hiyo kile mwenyekiti alichokiita uvivu kilikuwa simu mbili zilizopigwa na watu wawili waliojaribu.

Tulichofanya: dizeli sasa ni ya dereva, kununua na kumimina, kila Jumatatu na Alhamisi, na ana shilingi 3,000 mkononi anazorudisha kwa risiti. Tumekata kijiti cha kupimia, tukachora alama kwa kisu. Mafuta yakiwa chini ya alama, ni kazi, hata kama si Jumatatu. Jioni dereva akiondoka, yeye na mlinzi wanaenda hadi kwenye jenereta, wanachovya kijiti, mlinzi anataja kwa mdomo kimelowa mpaka wapi, kisha anakabidhiwa kijiti. Hiyo ni filimbi yako, Mama. Nilimwambia mlinzi habari ya ndoo, akacheka mpaka akakohoa.

Jogoo_la_Kondele

Kijiti kama cha mbio za kupokezana. Nimekubali.

BwanaRipoti (Nakuru mjini)

Hongera katibu. Ila nikuonye kwa upendo. Kazi zikiandikwa hivi, kuna siku utasikia "hiyo haiko kwenye karatasi yangu". Nimeona ofisi ambapo kopo la takataka lilijaa wiki nzima kwa sababu aliyepewa kulimwaga alikuwa likizo, na wote wengine karatasi zao ziko safi.

MamaUchanja (Dunga, Kisumu)

Bwana Ripoti hapo una neno. Sisi ilitutokea. Mmoja alikaa akitazama matone yanaanguka, tukamuuliza mbona hukuita, akasema filimbi si yangu leo. Tulimfokea siku hiyo, lakini kosa lilikuwa letu, sisi ndio tuliosema kupuliza ni kwa mmoja. Siku hizi tunasema hivi: mwenye filimbi lazima aite. Wewe mwingine unaweza kuita, hakuna atakayekukasirikia, hata kama wingu litapita bure. Kuruhusiwa ni kwa wote, kulazimika ni kwa mmoja.

Mwl_Hisabati (Kisumu)

Mama, hiyo sentensi yako ya mwisho naiba, naipeleka kwa kamati ya shule.

Sista_Zamu (Kakamega)

Na likizo je, katibu? Dereva akiugua?

KatibuWaMaziwa (Njoro)

Sista, ameshaugua. Ijumaa. Alipiga simu asubuhi kwamba tumbo linamsumbua, nami nikajibu "sawa, pona haraka", nikafikiria pikapu tu. Nani ataendesha, nani atapita njia ya juu kuchukua maziwa. Jioni mlinzi ndiye aliyenipigia: "Katibu, leo sijakabidhiwa kijiti." Nilikuwa nyumbani nala. Nikapanda boda nikaenda, tukachovya pamoja kwa tochi ya simu, kilikuwa juu ya alama vidole viwili. Kwa hiyo tumeongeza mstari: asiyekuja ataje nani anashika kila kitu chake, si gari tu.

Yaliyobaki ni haya. Mwenyekiti karatasi yake bado ina mstari mmoja, "kusimamia kikundi", na nikimuuliza mkono wake unagusa nini ananitazama tu. Mzee ni shemeji wa baba yangu, siwezi kumsukuma sana, ila wajumbe wawili wa chai wamejitolea kukaa naye, nadhani wanaogopa zamu yao inakuja. Mlinzi hajafutwa. Tena sasa ndiye anayemfundisha muosha mitungi kusikiliza ile mashine ya tangi.

Na mitungi ya Jumapili hatujapata mwenyewe. Muosha mitungi hupumzika, maziwa hayapumziki. Tumezungushia kwa zamu lakini zamu ya jana iliangukia mtu aliyekuwa harusini Molo. Mama, unaweza kunieleza ninyi siku ya Jumapili, Kibuye ikiwa imejaa na wengi wenu mko sokoni, filimbi mnaiachaje?

MamaUchanja (Dunga, Kisumu)

Jumapili hatuaniki. Tulijaribu mara tatu tukashindwa, tukaacha. Jumamosi hatununui zaidi ya kitakachokauka siku hiyo.

KatibuWaMaziwa (Njoro)

Ng'ombe hawajui Jumapili, Mama. Nitawauliza wajumbe wa chai.